Simu ya mezani ofisini ni kompyuta, nayo inahitaji mtu wa kuisimamia

Mwanzoni mwa Januari 2025, watafiti wa usalama wa kampuni ya Akamai walinasa kwenye mitego yao ya mtandaoni jaribio la kuziteka simu za mezani za Mitel, zile za mfululizo wa 6800 na 6900 zinazouzwa kwa ajili ya maofisi. Washambuliaji hawakuwa na haja ya kusikiliza mazungumzo ya mtu. Walitaka kila simu iingie katika kundi la vifaa vilivyotekwa liitwalo Aquabot, uzao wa programu hasidi ya Mirai iliyoanza kusumbua dunia mwaka 2016, kisha vifaa hivyo kwa pamoja vimimine maombi kwenye mitandao ya watu wengine mpaka ielemewe na kuzimika. Udhaifu waliotaka kupitia ulikuwa umekwisha kutangazwa na mtengenezaji, na dawa yake kutolewa, katikati ya Julai 2024. Mwezi uliofuata, mtafiti mmoja alichapisha mfano wa namna unavyoweza kutumiwa. Kwa hiyo kati ya dawa na shambulio palipita karibu nusu mwaka, na katika kipindi chote hicho yeyote aliyemiliki simu hizo angeweza kuziponya. Hoja ya makala haya inatoka hapo. Kinachoziacha simu za ofisini katika hatari, mara nyingi, ni kukosa mtu anayewajibika nazo kuliko kukosa kiraka, yaani dawa ya mtengenezaji. Udhaifu wa kiufundi ni wa mtengenezaji. Usimamizi wake ni wa ofisi, na usimamizi huanza kwa kumtaja msimamizi.

Simu ya aina hii kwa sura inafanana na ile ya zamani: ina mkono wa kushikia, vitufe na kioo kidogo. Ndani yake mambo ni mengine kabisa. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina mfumo endeshi ambao mara nyingi ni Linux, ina anwani yake ya mtandao, na ina ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kivinjari kama tovuti yoyote. Sauti ya mpigaji hugeuzwa data na kusafirishwa kwenye nyaya zilezile zinazobeba barua pepe na hesabu za mishahara. Katika ofisi nyingi kompyuta ya mfanyakazi huchomekwa nyuma ya simu ili kuokoa waya, hivyo kila anachokituma hupita kwanza ndani ya kifaa hicho. Zaidi ya hapo, simu haizimwi jioni, haina programu ya kupambana na virusi, na hakuna anayeitazama kwa jicho la mashaka. Mshambuliaji akipewa nafasi ya kuchagua mahali pa kujificha ndani ya jengo, ni vigumu apate pazuri zaidi.

Udhaifu wenyewe huitwa kupenyeza amri, na kuuelewa hakuhitaji shahada ya kompyuta. Tuseme karani amepewa kazi ya kuchukua karatasi ya mteja na kuipeleka kwa mtunza ghala. Mteja anatakiwa aandike jina la bidhaa tu, lakini chini ya jina hilo anaongeza mstari mwingine: na umpe ufunguo wa ghala. Karani haisomi karatasi, anaifikisha kama ilivyo, na mtunza ghala anatii mistari yote miwili kwa kuwa imetoka mkononi mwa karani. Kifaa chenye udhaifu huu hufanya vivyo hivyo. Kina mahali pa kujaza taarifa, pengine anwani ya seva au jina la mtandao, nacho huchukua maandishi hayo na kuyakabidhi kwa mfumo endeshi bila kuyachuja. Mtu akiongeza nukta mkato, alama ya kumaliza mstari au alama nyingine inayotenganisha amri, kilichotakiwa kuwa taarifa hugeuka kuwa agizo, na kwa kuwa programu nyingi za vifaa hivi huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo, agizo hilo halikutani na kizuizi.

Katika simu za Mitel tatizo lilijitokeza kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyeingia kwenye ukurasa wa mipangilio kwa haki za msimamizi aliweza kutuma thamani yenye alama ya kumaliza mstari iliyofichwa ndani yake. Simu iliihifadhi katika faili lake la mipangilio, mstari mpya ukazaliwa ndani ya faili, na simu ilipowaka mstari huo ukaongoza kwenye utekelezaji wa amri ya mshambuliaji. Maana yake ni kwamba kuzima na kuwasha, tiba ya kwanza inayotolewa kwa kila kifaa kinacholeta matatizo ofisini, ndiko kulikokamilisha shambulio. Ofisi isiyojua udhaifu huu unavyofanya kazi inaweza kumsaidia mvamizi huku ikiamini inajitibu, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kutaka mtu mmoja asome matangazo ya mtengenezaji na kuyaelewa.

Wapo watakaosema kuwa hofu hii imekuzwa, na wana hoja ya kweli mkononi. Udhaifu ule ulimtaka mshambuliaji awe na nywila ya msimamizi, na kwa sababu hiyo ulipewa alama 6.8 katika kipimo cha kimataifa cha ukali kinachofika 10, yaani ukali wa wastani. Hakuna idara ya Tehama yenye watu wa kutosha kuziba kila tundu siku moja. Ikiwa mezani kuna jambo lenye alama 9.8, ni busara kuanza nalo. Tatizo ni kwamba alama hiyo hupima udhaifu ukiwa peke yake, haipimi ofisi ulimo. Sharti la nywila lina thamani pale tu nywila inapokuwa siri. Mirai ilipoenea mwaka 2016 haikuvunja kufuli lolote la ajabu. Ilijaribu orodha fupi ya majina na nywila zinazowekwa kiwandani, ikaingia katika mamia ya maelfu ya kamera na ruta ambazo wenyewe hawakuwahi kubadilisha nywila zake. Simu ya mezani yenye nywila ya kiwandani, iliyochapishwa katika kitabu cha maelekezo ambacho yeyote anaweza kukipakua, haina sharti lolote la kumzuia mtu. Kwake, alama 6.8 haielezi hatari halisi.

Na waliojitegemeza kwenye sharti hilo hawakupewa muda mrefu. Mei 2025 Mitel ilitangaza udhaifu mwingine wa kupenyeza amri katika mifululizo ileile ya 6800 na 6900, safari hii usiohitaji nywila yoyote, na alama yake ikawa 9.8. Cisco ilikuwa imepita njia hiyo Machi 2023, pale wataalamu wake wenyewe walipogundua kuwa ukurasa wa mipangilio wa simu zake za mifululizo ya 6800, 7800 na 8800 unaweza kupenyezewa amri na mtu asiye na nywila. Huo nao ulipewa 9.8. Hapa ndipo ilipo nguvu ya ushahidi: makampuni mawili tofauti, miaka tofauti, kosa la aina moja, mahali palepale pa ukurasa wa mipangilio. Msimamizi aliyefunga ukurasa huo mwaka 2023 kwa sababu ya tangazo la aina moja, angekuwa amejikinga kwa kiasi kikubwa na matangazo yaliyofuata kabla hayajaandikwa. Anayesubiri kila tangazo, apime alama yake na kuamua kama inatosha kumwamsha, atabaki nyuma siku zote.

Hoja nyingine inayotolewa ni kwamba simu zimo ndani ya jengo, nyuma ya faiwoli, na mtu wa nje hawezi kuzifikia. Yaliyoipata mitambo ya Mitel mwaka 2022 yanatosha kuijibu. Aprili ya mwaka huo ulitangazwa udhaifu katika mtambo wa MiVoice Connect, ule unaounganisha na kusimamia simu za ofisi nzima. Chanzo chake kilikuwa programu ndogo ya uchunguzi ambayo haikukagua data inayopokea, na hivyo ikakubali amri za mtu asiyejulikana. Juni, kampuni ya CrowdStrike ilieleza jinsi wavamizi walivyoutumia kuingia kwenye mtandao wa mteja wake, kisha wakajaribu kufuta nyayo zao kwa kufuta mafaili na kuandika juu ya nafasi iliyobaki tupu. Septemba, kampuni nyingine ya usalama, Arctic Wolf, ikaeleza kisa cha kundi la Lorenz, linaloteka data na kudai fidia: liliingia kupitia mtambo huohuo wa simu uliokuwa ukingoni mwa mtandao, likakaa kimya karibu mwezi mzima, halafu likasonga ndani, likahamisha data nje na kuyafunga mafaili ya wenyewe. Hakuna aliyeshambulia seva ya fedha moja kwa moja. Mlango ulikuwa mtambo wa simu, na ulikuwa mlango mzuri kwa sababu programu za ulinzi zinazowekwa kwenye kompyuta hazikuwepo humo.

Kisa hiki kinazaa swali gumu kwa hoja yangu mwenyewe. CrowdStrike walipokutana na udhaifu huo, ulikuwa haujulikani bado. Hakukuwa na kiraka cha kuweka. Msimamizi angefanya nini? Angefanya jambo ambalo halisubiri kiraka: kuutenga mtandao wa simu na mtandao wa kazi nyingine. Mtambo wa simu unahitaji kuzungumza na simu zake pamoja na kampuni inayotoa laini. Hauhitaji kuifikia seva ya hesabu, wala folda za idara ya utumishi. Swichi za kisasa zinaruhusu utengano huo bila kuvuta waya mpya, na pale unapowekwa vizuri, mvamizi aliyeteka simu anabaki na simu. Usimamizi wa udhaifu, basi, ni mpana kuliko kuweka viraka. Ni kujua kila kifaa kinaongea na nani, na kukinyima ruhusa ya kuongea na asiyemhusu.

Lakini hata akibaki na simu tu, madhara si madogo. Mwaka 2012 watafiti Ang Cui na Salvatore Stolfo wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kuwa simu za Cisco za wakati huo zinaweza kugeuzwa vinasa sauti, zikasikiliza chumba kizima huku mkono wa simu ukiwa umelala mahali pake. Simu hizo huwekwa katika ofisi za wakurugenzi, mawakili na madaktari, mahali ambapo siri husemwa kwa mdomo kwa sababu watu hawataki kuziandika. Kuna pia fedha. Novemba 2020 kampuni ya usalama ya Check Point ilifichua kampeni iliyovamia mitambo ya simu ya mashirika karibu 1,200 katika nchi zaidi ya 60 ndani ya miezi 12. Baadhi ya wavamizi wa aina hiyo huilazimisha mitambo kupiga namba za kimataifa zenye gharama kubwa ambazo mapato yake hugawiwa kwao, na bili inamwendea mwenye mtambo. Hasara hiyo haihitaji data yoyote kuibwa. Inatosha simu iendelee kufanya kazi yake ya kupiga simu, usiku, wakati ofisi imefungwa.

Wengine watauliza kwa nini mzigo huu abebeshwe mnunuzi ilhali aliyekosea ni mtengenezaji. Ni swali la haki, na jibu lake linaanza kwa kukubali. Kosa la kupenyeza amri lina tiba inayofahamika kwa miongo: msimbo utenganishe amri na data, utumie kazi maalumu za maktaba za programu badala ya kuunganisha maandishi ya mtumiaji na amri ya mfumo, na uchuje kila kinachoingia. Julai 2024 shirika la Marekani la usalama wa mtandao, CISA, pamoja na FBI walitoa tahadhari ya kuwataka watengenezaji waling'oe kosa hili katika bidhaa zao, wakieleza kwamba linazuilika kabisa. Mtengenezaji anayeuza kifaa chenye kosa hili leo hana kisingizio, na wanunuzi wakubwa, serikali na mabenki wakiwa mbele, wana haki ya kumuuliza kabla ya kusaini mkataba.

Hata hivyo, wajibu wa mtengenezaji una mwisho, na mwisho huo umeandikwa katika masharti yake. Mei 2023 Cisco ilitangaza kuwa kifaa chake cha SPA112, kinachounganisha simu za kawaida na mtandao, kina udhaifu wa alama 9.8 unaomruhusu mtu asiye na nywila kukiwekea programu ya ndani aliyoitengeneza mwenyewe. Katika tangazo hilohilo ikasema haitatoa kiraka, kwa sababu kifaa kilikuwa kimefikia mwisho wa maisha yake ya huduma, na ikawashauri wateja wahamie kifaa kingine. Kwa kampuni ya Avaya kilichotokea ni kingine. Mwaka 2019 watafiti wa McAfee waligundua kuwa baadhi ya simu zake za mezani zilibeba udhaifu uliokuwa umetangazwa na kurekebishwa mwaka 2009 katika programu huria ambayo kampuni ilikuwa imeinakili ndani ya bidhaa zake. Kwa miaka 10 kiraka kilikuwepo duniani bila kuzifikia simu hizo. Visa hivi viwili vinaonyesha kwamba kumtegemea mtengenezaji peke yake ni kukabidhi usalama wa ofisi kwa mtu ambaye siku moja atasema kwa maandishi kuwa kazi yake imekwisha. Siku hiyo ikifika, anayeweza kuamua kifaa kiondolewe ni mwenye ofisi tu.

Kazi ya msimamizi inaanza na orodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo msemo huo ni wa kweli zaidi kuliko katika vifaa vya mtandao. Kila simu, adapta na mtambo uandikwe: aina, toleo la programu ya ndani, mahali ulipo, na tarehe ambayo mtengenezaji ataacha kuuhudumia. Bila orodha hiyo, tangazo la udhaifu likitoka hakuna anayejua kama linamhusu. Baada ya orodha, nywila za kiwandani zibadilishwe zote, na ukurasa wa mipangilio ufungwe au uruhusiwe kwa kompyuta ya msimamizi peke yake. Mfanyakazi hahitaji ukurasa huo ili kupiga simu. Mtandao wa simu utengwe. Mtambo wa simu usionekane kutoka intaneti, na fundi wa nje anayeuhudumia apite njia salama inayofunguliwa anapohitajika na kufungwa anapomaliza. Mwenendo wa simu ufuatiliwe pia: simu inayoanza kuwasiliana na seva isiyojulikana ya nje, au mtambo unaopiga nchi ambazo ofisi haina shughuli nazo, unatoa dalili mapema kuliko bili ya mwisho wa mwezi. Na kifaa kilichoshukiwa kutekwa kirudishwe katika hali ya kiwandani, kiwekewe programu mpya na nywila mpya kabla ya kurudi mezani.

Gharama ndicho kikwazo ambacho wakuu wa ofisi hukitaja kwanza, hasa katika taasisi ndogo ambako mtu mmoja ndiye fundi wa kompyuta, wa printa na wa kila kitu chenye waya. Tuichambue gharama yenyewe. Kuandika orodha, kubadilisha nywila na kufunga ukurasa wa mipangilio hakununui kitu chochote. Kunahitaji saa za kazi. Programu za ndani za simu husambazwa kutoka seva moja kwenda kwa simu zote, kwa hiyo zinaweza kujaribiwa kwenye simu chache, kisha kusambazwa usiku bila kukatiza huduma. Gharama halisi ipo katika kubadilisha vifaa vilivyofikia mwisho wa huduma, na hiyo inaweza kupangwa kwa awamu, vikianza vile vilivyo karibu na intaneti na vilivyo katika vyumba vya siri, huku vilivyobaki vikitengwa. Upande wa pili wa mizani kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, nazo hazimsamehe kwa kuwa taarifa ilivuja kupitia simu ya mezani badala ya kompyuta. Sauti ya mgonjwa iliyorekodiwa na namba ya mteja iliyo katika kumbukumbu ya mtambo ni taarifa binafsi.

Februari 2025 CISA iliuingiza udhaifu ule wa alama 6.8 katika orodha yake ya udhaifu unaotumiwa na washambuliaji, na kuzitaka taasisi za serikali kuu ya Marekani ziushughulikie kwa tarehe maalumu. Ofisi zetu hazifungwi na agizo hilo, lakini simu hizi huuzwa kote duniani, na programu inayozitafuta haiulizi kifaa kipo nchi gani. Ombi langu kwa kila mkuu wa taasisi, shule, hospitali na kampuni ni dogo. Wiki ijayo aulize ni nani, kwa jina, anayewajibika na simu za mezani na mtambo wa simu. Lini mara ya mwisho programu zake zilisasishwa. Na ni zipi ambazo mtengenezaji ameacha kuzihudumia. Kama hakuna jina, amteue mtu, ampe saa za kufanya kazi hiyo na mamlaka ya kuzima kifaa kisichofaa. Kiraka kingine kitatangazwa, na ofisi yenye jina hilo ndiyo itakayokipokea kwa wakati.